Majina, Nasaba na Vibainishi: Vitabu vya Picha vya Uswidi katika Kiingereza

Vitabu vya picha vya watoto wadogo ni fani ambayo wataalamu wa lugha aghalabu huipita bila kuitupia macho. Maneno yake ni machache, sentensi zake ni fupi, na wengi wa wenye kuvipenda hawajajua kusoma. Wao husomewa, husikiliza na kutazama. Walakini habari za vitabu vya Kiswidi vilivyofasiriwa kwa Kiingereza zaonyesha kwamba uchache huo ndio unaomfunga mfasiri. Katika riwaya ya kurasa 300 neno lililokwenda kombo humezwa na maelfu ya maneno mengine. Katika kitabu chenye sentensi 20 halina pa kujificha. Tena picha ipo pale pale, haikufasiriwa, nayo humshuhudia mfasiri au humkana.

Yafaa kuanza na Bibi Elsa Beskow (1874–1953), aliyeandika vitabu vyake na kuvichora mwenyewe. Kitabu chake cha kwanza kilipigwa chapa mwaka 1897, na mwaka 1912 kikatoka "Pelles nya kläder", yaani Nguo Mpya za Pelle. Tafsiri ya Kiingereza, "Pelle's New Suit", kazi ya Marion Letcher Woodburn, ilitolewa New York mwaka 1929. Hadithi yenyewe ni ya mtoto ambaye nguo zake zimekuwa fupi, naye ana mwanakondoo wake mwenyewe. Amkata manyoya, kisha kila hatua ya kuyageuza kuwa nguo ailipia kwa kazi. Bibi yake amchambulia sufu, naye ampalilia karoti. Bibi wa pili amsokotea nyuzi, naye amchungia ng'ombe. Nyuzi azitia rangi ya buluu mwenyewe, mama azifuma, na mshoni amalizia. Ni kazi kwa kazi, hapana fadhila isiyolipwa. Na mwishowe Pelle aenda kumshukuru mwanakondoo.

Hapo kwa mabibi wawili pana jambo la lugha. Kiswidi hakina haja ya kusema "bibi wa pili". Mama wa baba huitwa "farmor" na mama wa mama huitwa "mormor", majina yaliyojengwa kwa "far", baba, na "mor", mama. Msikilizaji wa Kiswidi ajua tangu neno la kwanza kwamba sufu imepita upande wa kuumeni kisha upande wa kukeni, na kwamba nguo ya mtoto imefanyizwa na nasaba yake yote. Kiingereza kina neno moja tu la bibi, basi mfasiri ikambidi aseme bibi, kisha bibi yule mwingine. Maana haikuharibika, lakini usawa wa pande mbili umefifia.

Kiswahili chaweza kuurudisha usawa huo, kwa kuwa husema bibi mzaa baba na bibi mzaa mama. Lakini chaweza tu iwapo mfasiri atajua kwamba kulikuwa na kitu cha kurudishwa. Akiufuata Kiingereza peke yake ataandika "bibi mwingine", na neno hilo masikioni mwa Mswahili laweza kuwa mke mwingine, au mwanamke yeyote aliyepita njiani. Hasara ndogo ya tafsiri ya kwanza huwa kosa kubwa katika tafsiri ya pili.

Jambo la pili ni kibainishi. Katika Kiswidi kibainishi cha nomino hakitangulii bali hufuata, kikashikamana na mwisho wa neno. "Tomte" ni kiumbe wa ngano, mlinzi wa boma na wanyama wake, na jina lake limetokana na "tomt", kiwanja cha nyumba. "Tomten" ni tomte yule anayejulikana. Mwaka 1881 Viktor Rydberg alitunga shairi mashuhuri lenye jina hilo, ambamo mlinzi huyo azunguka boma usiku wa baridi kali akifikiri fumbo asiloweza kulifumbua: vizazi vyatoka wapi, na vyaenda wapi? Astrid Lindgren (1907–2002) alilitengeneza upya kwa ajili ya watoto, picha zikiwa za Harald Wiberg, na kitabu cha Kiingereza kikatoka mwaka 1961. Lile fumbo la vizazi likawekwa kando. Kilichobaki ni faraja anayowapa wanyama kwa lugha yao ya kimya.

Jina la kitabu hicho kwa Kiingereza ni "The Tomten". Hapa vibainishi vimekuwa viwili, kimoja cha Kiingereza mbele na kimoja cha Kiswidi nyuma, wala msomaji wa Kiingereza hatambui, kwa sababu kile cha nyuma kimekufa na kugeuka sehemu ya jina. Mswahili hana haki ya kucheka. Yeye pia asema Alhamisi, alfajiri na alasiri, na kibainishi cha Kiarabu kimo ndani kimelala. Neno likivuka mpaka wa lugha hubeba kiambishi chake kama msafiri abebavyo vumbi, na wenyeji huliona vumbi kuwa ni rangi ya nguo.

Lakini haikuwa lazima kufanya hivyo, kama inavyoonekana katika kazi ya Bibi Tove Jansson (1914–2001), ambaye alikuwa raia wa Ufini na mwandishi wa Kiswidi. Kitabu chake cha picha cha mwaka 1952 chaitwa "Hur gick det sen?", yaani Ikawaje Baadaye?, na chini yake pameandikwa kwamba ni kitabu cha Mymlan, Mumintrollet na Lilla My. Katika Kiingereza, mwaka 1953, viumbe hao walikuwa Moomin, Mymble na Little My: viishio "-n" na "-et", ambavyo ni vibainishi, vimevuliwa. Mfasiri alitambua kiambishi ni kipi na shina ni lipi. Hata hivyo alipoteza kitu kingine. Swali lile limeondolewa katika jina la kitabu, yakabaki majina ya watu tu, na Moomin akatangulizwa mbele ya Mymble. Hasara hiyo si haba, kwa maana kurasa za kitabu zimekatwa matundu, na mtoto huchungulia tunduni akiona kipande cha ukurasa unaofuata. Swali na tundu ni kitu kimoja. Mwaka 2001 mshairi Sophie Hannah alikifasiri upya kwa vina vyake mwenyewe, ishara kwamba kazi ya namna hii imeanza kuhesabiwa kuwa kazi ya mshairi.

Jambo la tatu ni majina. Mzuka mdogo wa Inger na Lasse Sandberg, aliyetokea mwaka 1965 kwa jina la Laban, kwa Kiingereza aliitwa Godfrey. Alfons Åberg wa Gunilla Bergström (1942–2021), aliyeanza mwaka 1972, huitwa Alfie Atkins. Kwa Kijerumani ni Willi Wiberg, na kwa Kifini Mikko Mallikas. Yaonekana wafasiri hawa waliona kwamba uzuri wa jina ni herufi zake mbili za mwanzo kufanana. Lakini katika Kiswidi A na Å ni herufi mbali mbali, na ya pili hutamkwa karibu na "o" ya Kiswahili. Mfanano ule ni wa jicho, si wa sikio. Tafsiri zimewapa watoto mwangwi ambao asili haina.

Mfano mgumu zaidi ni vitabu vya Barbro Lindgren na mchoraji Eva Eriksson, "Max bil", "Max kaka" na "Max nalle", vya mwaka 1981: gari, biskuti na dubu wa kuchezea. (Mswahili asidhani cha pili chahusu ndugu.) Mwaka 1982 Max akawa Sam. Jina la Kiswidi linaloishia kwa "x" halipati alama ya umilikaji, hivyo jina la kitabu ni maneno mawili yaliyowekwa sambamba, kama mtoto wa mwaka mmoja na nusu asemavyo. Kiingereza chadai alama yake, "Sam's Car", na kwa alama hiyo sarufi ya mtu mzima imekwisha kuingia chumbani. Tena Kiingereza chenyewe hakikuwa kimoja: biskuti ile ile ni "cookie" Marekani na ni "biscuit" Uingereza, nayo picha haikubadilika hata chembe.

Je, kadiri miaka inavyopita wafasiri wamezidi kuheshimu majina? Mzee Pettson na paka wake Findus, waliobuniwa na Sven Nordqvist katika miaka ya 1980, waliitwa Festus na Mercury katika matoleo ya Marekani ya mwanzo wa miaka ya 1990, kisha katika karne ya 21 wakarudishiwa majina yao. Lakini Alfie angali Alfie, na Pelle alikuwa Pelle tangu mwaka 1929. Basi hapana njia moja iliyonyoka. Kila mfasiri ameamua upya ni kipi mtoto aweza kukibeba, na mara nyingi amemdhania mtoto kuwa dhaifu kuliko alivyo.

Haya yawahusu pia wanaofasiri kwa Kiswahili vitabu vya mataifa ya mbali kwa kupitia Kiingereza. Kiingereza kimetoa mlango, na shukrani ni wajibu. Ila mlango una upana wake, na kilichozidi upana huo hubaki nje. Farmor na mormor wamebaki nje, na Kiswahili kilikuwa na nafasi yao tayari. Mfasiri asiyejua Kiswidi aweza angalau kumwuliza anayekijua, na kulinganisha maneno na picha kabla ya kuandika. Kwani maneno ya kitabu kizima hayazidi ukurasa mmoja, na kazi ya kuuliza ni ya siku moja.