Fedha za Barabara Zilizomalizia Pather Panchali

Katika hesabu za serikali ya jimbo la Bengali Magharibi, India, za katikati ya miaka ya 1950, zimo fedha zilizoandikwa kuwa ni za kuboresha barabara, ila hazikununua kifusi wala lami. Zilimalizia filamu. Pather Panchali kwa Kibengali ni wimbo wa njia ndogo, na neno hilo "njia" ndilo lililoipatia fungu. Kabla ya hapo watayarishaji wa Calcutta walikuwa wameikataa mmoja baada ya mwingine, na kwa hesabu zao hawakuwa wajinga. Mwongozaji, Satyajit Ray, alikuwa mchoraji katika kampuni ya matangazo na hakuwahi kuongoza filamu hata moja. Mpiga picha wake, Subrata Mitra, alikuwa kijana wa miaka 21 ambaye hakuwahi kushika kamera ya sinema. Hadithi yenyewe ni ya familia maskini kijijini: mtoto Apu, dada yake Durga, wazazi wao, na bibi kizee Indir. Haikuwa na nyota mwenye jina, wala watu hawakatizi mazungumzo ili waimbe na kucheza. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki anayeikumbuka Awaara ya Raj Kapoor ya mwaka 1951 anajua watazamaji wa zama hizo walizoea kupewa nini.

Filamu hii ilipotoka mwaka 1955 na kuwashangaza watu, maelezo mawili yakashika mizizi, na yangali yanarudiwa. La kwanza ni kwamba ulikuwa muujiza. La pili ni kwamba umaskini wa watengenezaji ndio uliozaa uzuri wake. Yote mawili nayakataa, na hili la pili nalikataa kwa nguvu zaidi kwa sababu linawapa wenye fedha kisingizio cha kutotoa. Ukata ulikaribia kuiua Pather Panchali. Ray alikopa kwa dhamana ya bima yake ya maisha, akauza sahani za santuri na vitabu vyake vya sanaa, na vito vya mkewe vikawekwa rehani. Hata hivyo kazi ilisimama kwa miezi mingi. Kilichoibeba ni matayarisho ambayo watayarishaji hawakuwa na jicho la kuyaona. Katika miaka ya 1940 Ray alichora picha za toleo fupi la riwaya hiyo ya Bibhutibhushan Bandyopadhyay, kwa hiyo nyuso na vichochoro vya kijiji kile vilikwisha kupita mkononi mwake. Mwaka 1949 alimsaidia Mfaransa Jean Renoir kutafuta mahali pa kupigia filamu huko Bengali. Mwaka uliofuata kampuni yake ilimpeleka London, na kwa miezi michache aliyokaa huko alitazama filamu zipatazo mia, mojawapo ikiwa ile ya Mwitalia Vittorio De Sica kuhusu mwizi wa baiskeli. Aliporudi hakuandika mswada kamili. Alijaza daftari kwa michoro ya kila tukio. Mtu wa namna hiyo kumwita mgeni wa sinema ni kuhesabu vyeti na kuacha ujuzi.

Tazama siku ya kwanza ya kazi, Oktoba 1952. Ilikuwa ni kupiga picha watoto wawili katika shamba la majani marefu yenye maua meupe, mahali wanapokwenda kuona treni. Apu alitakiwa kutembea kwa kusitasita, akimtafuta dada yake, na mtoto Subir Banerjee hakujua kusitasita kwa kuagizwa. Ray akatandaza vijiti njiani ili mtoto avivuke, akawaficha wasaidizi majanini wamwite kwa zamu, huyu kulia, yule kushoto, ili kichwa kigeuke chenyewe. Jumapili iliyofuata walirudi wakakuta ng'ombe wamekula maua yote. Ikabidi wangoje msimu mwingine. Hapo wapenzi wa miujiza huishia kwenye ng'ombe. Mimi naona vile vijiti: mwongozaji wa siku moja alikwisha kutambua kwamba mtoto hapaswi kuigiza, anapaswa kupewa la kufanya.

Atakayenipinga atasema bahati ilikuwapo, na ni kweli. Katika miaka karibu mitatu ya kusimama na kuanza, sauti ya Apu haikubadilika, Durga hakukua akaonekana mwanamwali, na Chunibala Devi, aliyecheza bibi Indir akiwa na umri wa miaka 80 hivi, aliishi hadi sehemu yake ikamalizika. Alifariki kabla filamu haijatoka. Ray mwenyewe alikiri hayo. Lakini bahati hiyo iliilinda kazi isivunjike tu. Haikumfundisha Mitra kuutumia mwanga wa jua, wala haikumpa Ravi Shankar muziki alioutunga na kuurekodi kwa usiku mmoja baada ya kuona nusu tu ya filamu. Mwingine atasema filamu nyingi za wasio na fedha zimekufa bila kujulikana. Naam, na kati yake bila shaka zimo nzuri, jambo linaloonyesha tena kwamba ukata si mkunga wa sanaa.

Pingamizi linaloudhi zaidi ni lile la kwamba Wazungu ndio walioipandisha cheo. Ni kweli ilionyeshwa kwanza New York, Mei 1955, katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa, bila hata tafsiri ya maneno chini ya picha. Ila sifa za huko hazikumsukuma mtu wa Calcutta kununua tiketi: ilipofunguliwa mjini humo Agosti 26, siku za mwanzo viti vilikuwa vitupu. Walioiona wakawaambia jirani zao, na baada ya wiki moja au mbili ukumbi ukawa unajaa. Baadaye Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru aliitazama, akaidhinisha ipelekwe Cannes, ingawa wapo waliolalamika kwamba inaanika umaskini wa India mbele ya wageni. Tuzo ya Cannes ilikuja mwaka 1956, wakati watu wa Calcutta walikwisha kujipanga foleni mwaka uliotangulia.