Mapacha wa Bethnal Green

Kabla ya ndugu wawili wa Kray, wahuni wa London walikuwa chini ya Jack Spot na Billy Hill. Vita ya Pili ya Dunia iliwatajirisha watu wa namna hiyo. Chakula kiliendelea kutolewa kwa mgao hadi 1954, na mwenye bidhaa za magendo hakukosa wateja. Spot aliwatoza pesa za ulinzi wachezesha kamari wa viwanja vya mbio za farasi. Agosti 1955 alipigana kwa kisu na mhuni mwingine, Albert Dimes, mchana kweupe mtaani Soho, na baada ya hapo hakuwa tena na nguvu.

Reggie na Ronnie Kray walizaliwa tarehe 24 Oktoba 1933, Reggie akiwa Kurwa na Ronnie akiwa Doto. Walilelewa Vallance Road, Bethnal Green, na mama yao, Violet, aliwapenda kupita kiasi. Wote wawili walikuwa mabondia. Walipoitwa jeshini mwaka 1952 walitoroka mara kwa mara, hata wakafungwa. Mwaka 1954 walitwaa ukumbi wa snuka huko Mile End, na kutokea hapo genge lao likaanza kuwakamua wenye baa na vilabu.

Kilichowakinga ni hofu ya wanyonge, na pia haya ya wakubwa. Mwaka 1964 gazeti la Sunday Mirror lilichapisha habari za uhusiano wa Ronnie na mwanasiasa mmoja wa tabaka la juu, bila kumtaja jina. Lord Boothby akajitokeza kukanusha, akalipwa fidia ya pauni 40,000. Magazeti yakanywea, na mapacha wakazidi kiburi.

Tarehe 9 Machi 1966 Ronnie aliingia Blind Beggar, baa ya Whitechapel, akampiga George Cornell risasi ya kichwa. Cornell alikuwa mtu wa genge la akina Richardson wa kusini mwa mto Thames. Polisi walipopanga gwaride la utambulisho, mhudumu wa kaunta aliyeshuhudia mauaji hakumtaja Ronnie. Simlaumu hata kidogo. Muuaji alikuwa angali huru mtaani kwake. Mwaka uliofuata Reggie alimuua mhuni mwenzao, Jack McVitie, kwa kisu katika nyumba moja ya Stoke Newington, baada ya bastola yake kugoma.

Mpelelezi Leonard Read alielewa kwamba hakuna atakayesema mapacha wakiwa nje. Alfajiri ya tarehe 8 Mei 1968 aliwakamata wote pamoja na wenzao wengi. Ndipo midomo ikafunguka. Mhudumu yule alisimama mahakamani mbele ya Ronnie akasema alichokiona, na kwangu mimi hakuna aliyekuwa shujaa kumzidi katika historia hii nzima, ingawa filamu zimetengenezwa kuhusu mapacha.

Machi 1969 Jaji Melford Stevenson aliwahukumu kifungo cha maisha, wasitoke kabla ya miaka 30. Ronnie alifariki mwaka 1995 akiwa bado mgonjwa wa hospitali ya akili ya Broadmoor. Reggie aliachiliwa Agosti 2000 akiwa na saratani, akafariki tarehe 1 Oktoba.