Kengele ya Mwenyekiti

Katika miaka yangu ya ualimu nimeongoza vikao vingi kuliko ninavyoweza kuvihesabu: vikao vya walimu, mikutano ya wazazi, kamati za shule na midahalo ya wanafunzi. Kwa muda mrefu niliamini kuwa kazi hiyo naifahamu. Chuoni tulifundishwa kuandaa ajenda na kuandika muhtasari, na tuliambiwa kwamba kikao kizuri huanza kwa wakati na kumalizika kwa wakati. Hayo yote ni kweli. Lakini liko jambo moja la kazi hii ambalo sikulijua mpaka liliponigharimu, nalo ndilo linalonifanya niandike kurasa hizi.

Mwaka 1991 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi. Wakati ule Rais Ali Hassan Mwinyi alikuwa ameunda Tume ya kukusanya maoni ya wananchi kuhusu mfumo wa siasa: tuendelee na chama kimoja au tuwe na vyama vingi? Nchi nzima ilikuwa ikilizungumza suala hilo, na mimi nikaona ni vema nasi tufanye mdahalo shuleni, siku ya Jumamosi, walimu wakiwa wasemaji na wazee wa kijiji wakiwa wasikilizaji. Niliketi mezani kama mwenyekiti. Mbele yangu palikuwa na kengele ndogo ya mkono, na saa ya kupimia muda ilikuwa yangu mwenyewe. Kila msemaji alipewa dakika tano.

Waliotetea chama kimoja walizungumza kwanza. Sikumbuki kama niliitazama saa. Kisha akasimama mwalimu kijana, aliyekuwa na miaka miwili tu tangu atoke chuo, akaanza kutetea vyama vingi. Alisema kwa adabu, lakini alisema mambo ambayo wazee waliokuwa mstari wa mbele hawakuyapenda, na kwa hakika mimi pia sikuyapenda. Nikagonga kengele. Alikuwa ametumia dakika tatu. Akanitazama, akasema, “Asante, Mwenyekiti,” akaketi. Mdahalo ukaisha kwa utulivu, upande wa chama kimoja ukashinda, na mimi nikarudi nyumbani nikijisifu kuwa nimeuongoza vizuri.

Ndugu msomaji, kabla sijaeleza yaliyofuata, naomba tutazame nyuma kidogo. Nilipostaafu nilipata nafasi ya kusoma historia ya kazi hii ya kuongoza mazungumzo ya watu, nikagundua kwamba kosa langu lilikuwa la zamani sana, na dawa yake ilikwisha kutafutwa na watu waliopata taabu kubwa kuliko yangu.

Tuanze na neno Spika. Tumelitoa Uingereza, na maana yake ni msemaji. Ajabu ni kwamba Spika anapokuwa kitini ndiye mtu asiyechangia hoja. Jina hilo lilitokana na kazi yake ya zamani, ambayo ilikuwa kupeleka maneno ya wabunge kwa mfalme. Tarehe 4 Januari 1642 Mfalme Charles wa Kwanza aliingia mwenyewe katika Bunge la Makabwela, akiwa na askari, ili awakamate wabunge watano. Hakuwaona. Akamwuliza Spika, William Lenthall, walipo watu hao. Lenthall alipiga magoti kwa heshima, lakini akajibu kuwa mahali pale yeye hana macho ya kuona wala ulimi wa kusema isipokuwa kama Bunge litakavyomwelekeza, kwani yeye ni mtumishi wake. Mfalme akaondoka mikono mitupu, na kabla mwaka haujaisha nchi ikaingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Maana ya jibu lile ni kubwa. Anayekalia kiti hakumilikishwa kikao. Amekopeshwa mamlaka na wale walioketi mbele yake, na hana ruhusa ya kuyatumia kwa niaba ya mtu mwingine, hata mtu huyo akiwa mfalme.

Mfano wa pili ni wa Mmarekani, Henry Martyn Robert, aliyekuwa mhandisi wa jeshi. Mwaka 1863, alipokuwa katika mji wa New Bedford, jimbo la Massachusetts, aliombwa aongoze mkutano katika kanisa la Kibaptisti. Alikubali bila kujua aongoze vipi, akitumaini kuwa watu wa kanisani watakuwa na adabu. Mkutano ukavurugika kwa mabishano, naye akapata aibu kubwa. Akajiapiza kuwa hatahudhuria tena mkutano wowote mpaka ajifunze sheria zake. Alijifunza kwa miaka mingi, na mwaka 1876 akatoa kitabu kidogo cha kanuni za mikutano, nakala 4,000, gharama ya kuchapa akiitoa mfukoni mwake. Kitabu hicho kimerekebishwa na kuchapwa tena mara nyingi, na mpaka leo vyama vingi vya Marekani hukitegemea.

Kanuni zake nyingi tunazitumia bila kujua zilipotoka. Lijadiliwe jambo moja kwa wakati mmoja. Mtu asizungumze mara ya pili juu ya hoja ileile iwapo yupo ambaye hajazungumza hata mara moja na anataka kusema. Mchangiaji aelekeze maneno yake kwa mwenyekiti, asimshambulie mwenzake, bali aishambulie hoja. Lakini zipo kanuni mbili ambazo sisi huzisahau, nazo ndizo zilizonifanya nikiweke kitabu chini na kutazama ukutani.

Ya kwanza ni hii. Jambo la kawaida huamuliwa kwa wingi wa kura, yaani zaidi ya nusu. Lakini kufunga mjadala, wakati wapo bado wanaotaka kusema, kunahitaji theluthi mbili. Kwa nini? Kwa sababu kumnyamazisha mtu ni kumnyang'anya haki yake, na haki ya mtu haitakiwi kunyang'anywa kwa urahisi kama tunavyoamua rangi ya kupaka madarasa. Ya pili, mwenyekiti akitaka kuchangia hoja, lazima aondoke kitini, amwachie mwingine, asirudi mpaka hoja hiyo imalizike. Mimi siku ile sikusema neno lolote la kutetea chama kimoja. Niliitumia kengele iseme kwa niaba yangu.

Wapo watakaosema kuwa hayo ni mambo ya Ulaya na Marekani, na kwamba sisi tulikuwa na mabaraza yetu, ambako wazee walikaa chini ya mti na kuzungumza mpaka wakubaliane. Mwalimu Nyerere aliandika juu ya desturi hiyo mwaka 1963, na mimi nayaheshimu sana maandishi hayo. Baraza la wazee wa kijijini kwetu nililiona utotoni, na ni kweli kwamba hawakuwa na haraka wala hawakukatizana. Lakini nakumbuka pia kuwa mama zetu walikuwa jikoni, na sisi vijana tulikuwa tukiwapelekea wazee maji ya kunawa. Makubaliano yalipatikana, ila yalikuwa ya waliokuwa wamekaa.

Tena mazungumzo ya watu hayahitaji mti wala ukumbi. Gazeti nalo ni baraza, na mhariri ndiye mwenyekiti wake, ingawa wachangiaji hawaonani uso kwa uso. Mwaka 1923 serikali ya Waingereza ilianzisha Tanganyika gazeti la Mambo Leo, chini ya Idara ya Elimu. Lilipendwa sana. Watu walipeleka barua na mashairi kutoka kila pembe ya nchi, na wakabishana humo juu ya lugha, mila, mavazi na ndoa. Lakini lilikuwa gazeti la serikali, na yapo mambo ambayo halikuweza kuyapa nafasi. Mwaka 1937 mwenye duka mmoja wa Dar es Salaam, Erica Fiah, mzaliwa wa Uganda, alianzisha gazeti lake mwenyewe akaliita Kwetu. Humo Waafrika walisema juu ya mishahara, shule na kudharauliwa. Jina lenyewe linatosha kueleza. Mtu akizibwa mdomo barazani pa mwenzake, atakwenda kujenga la kwake. Na asipokuwa na uwezo wa kulijenga, atanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kubaya zaidi.

Sasa nirudi kwenye ile Tume ya 1991, iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali. Ilizunguka Bara na Visiwani ikawasikiliza watu zaidi ya 36,000. Katika kila watu 100 walioulizwa, kama 77 walitaka chama kimoja kiendelee, na kama 21 tu ndio waliotaka vyama vingi. Laiti mimi ningekuwa mwenyekiti wa Tume hiyo, kazi ingekwisha hapo. Ningehesabu mikono nikagonga kengele. Lakini Tume ilipendekeza vyama vingi viruhusiwe. Iliona kuwa watu hao wachache si wachache wa kupuuzwa, na kwamba wengi kati ya waliotaka chama kimoja nao walitaka mabadiliko ndani yake. Kwa maneno mengine, haikuhesabu mikono peke yake, ilisikiliza pia yaliyosemwa. Ilitaja vilevile sheria 40 zilizopaswa kufutwa au kurekebishwa kwa kuwa zilibana uhuru wa watu. Mwaka 1992 Bunge, chini ya Spika Adam Sapi Mkwawa, lilibadili Katiba. Tarehe 1 Julai mwaka huo mfumo wa vyama vingi ukaanza rasmi, na uchaguzi wa kwanza wa mfumo huo ukafanyika mwaka 1995.

Wapo wanaosema mpaka leo kwamba Tume ilikwenda kinyume na matakwa ya wengi. Sibishani nao. Neno langu ni moja tu: wale 21 katika 100 walisikilizwa mpaka mwisho wa sentensi zao, na kwa sababu hiyo taifa lilivuka kipindi hicho kigumu likiwa na mahali pa kubishania. Shuleni kwangu kijana mmoja hakusikilizwa mpaka mwisho wa sentensi yake, na haya ndiyo yaliyotokea.

Baada ya mdahalo ule, yule mwalimu hakufanya ukaidi wowote. Alifundisha vizuri, aliwahi kazini, aliniamkia kila asubuhi. Katika vikao vya walimu aliketi nyuma na kuandika. Mimi niliridhika, nikidhani amekua. Mwaka uliofuata wazazi walichanga fedha, tukaanza kujenga darasa moja la kujitegemea. Fundi tuliyemwajiri alikuwa akipunguza saruji katika mchanganyiko, nasi hatukujua. Masika ya mwaka 1993 yalipokuja, ukuta wa upande wa kusini ulianguka usiku mmoja. Namshukuru Mungu kwamba ulikuwa usiku. Asubuhi tulikuta matofali yamelalia madawati ambayo saa chache baadaye yangekaliwa na watoto wa darasa la tatu.

Tulipokuwa tukiondoa vifusi, yule mwalimu alichukua kipande cha lipu, akakisaga kwa vidole viwili kikawa mchanga mtupu. Ndipo nilipokumbuka kuwa baba yake alikuwa fundi mwashi.

Nikamwuliza, “Mwalimu, ulikuwa umeliona hili?”

“Niliona, Mwalimu Mkuu. Tangu kozi ya nne.”

“Mbona hukusema kikaoni? Ujenzi ulikuwa katika ajenda kila mwezi.”

Alikaa kimya kidogo, kisha akanijibu bila hasira, “Niliogopa kengele, Mwalimu.”

Sikuwa na la kumjibu siku hiyo. Ningeweza kusema kwamba alipaswa kuniletea habari hiyo ofisini, na ni kweli alipaswa; yeye mwenyewe alikiri hivyo baadaye. Lakini mtu hazimi taa halafu akalaumu wenzake kwa kutoona. Nilimnyang'anya dakika mbili, na gharama ya dakika hizo ilikuwa ukuta, michango ya wazazi, na kidogo tu iwe roho za watoto.

Tangu hapo nilibadili namna ya kuongoza vikao. Saa nilimkabidhi mtu mwingine. Hakuna aliyesema mara ya pili kabla ya wote wanaotaka kusema mara moja. Nilipokuwa na maoni yangu makali juu ya jambo, nilimwomba msaidizi wangu akalie kiti, nami nikaenda kukaa kwenye benchi na walimu wenzangu, nikanyosha mkono na kungoja zamu. Na kabla ya kufunga, badala ya kuuliza kama kuna mengineyo, niliwauliza kwa majina wale waliokuwa hawajasema. Vikao vyetu vilirefuka, siwezi kuficha. Mara nyingine tulitoka jua limezama na njaa inauma. Watu wawili au watatu walipenda sana kuusikiliza ulimi wao, nao pia ilibidi wakatwe, kwa kuwa mwenyekiti asiyemkata mpayukaji huwanyang'anya muda wapole. Sikuacha kuitumia kengele. Niliacha kuitumia dhidi ya maneno nisiyoyapenda.

Ukuta tuliujenga upya mwaka uleule. Kamati ya ujenzi ilihitaji mwenyekiti, nami nikalipendekeza jina la yule mwalimu. Katika kikao chake cha kwanza nilisimama kueleza kuhusu bei ya mabati, nikaeleza kwa kirefu. Dakika tano zilipotimia, aligonga meza kwa kalamu, akasema, “Asante, Mwalimu Mkuu, tumsikilize na mwingine.” Nikaketi.