Sikio la Bibi: Stori ya Shing'weng'we na Ugomvi wa Mashabiki wa Gemu

Aprili 2024 tamthilia ya Fallout ilipotoka Amazon, mashabiki wa gemu hawakugombana sana kuhusu waigizaji. Waligombana kuhusu ubao wa darasani. Kwenye kipande kimoja unaonekana ubao ulioandikwa kwamba mji wa Shady Sands ulianguka mwaka 2277. Kwa mtazamaji wa kawaida hiyo ni namba tu. Kwa aliyecheza Fallout: New Vegas ni msala, maana stori ya gemu ile inatokea 2281, na humo jamhuri iliyozaliwa Shady Sands bado inadunda. Ina maana New Vegas imefutwa? Mitandao ikawaka, mpaka bosi wa Bethesda akatoka kueleza kwamba hakuna kilichofutwa na bomu lilianguka baada ya matukio ya gemu ile.

Hasira ile ilikuwa na historia. Fallout ni mtoto aliyelelewa nyumba nyingi. Ya kwanza ilitolewa na Interplay mwaka 1997. Ya pili, 1998, ikatengenezwa na Black Isle, studio ya humohumo Interplay. Mwaka 2007 Bethesda wakanunua jina zima, na 2008 wakatoa ya tatu. Mwaka 2010 Obsidian, studio yenye watu waliowahi kuwa Black Isle, wakaleta New Vegas. Kila mkono mpya unapoingia, shabiki wa zamani anauliza swali lilelile: huyu mgeni anaijua stori, au amekuja kuanza ya kwake?

Swali hilo halikuanza na gemu. Kanda ya Ziwa kuna stori iliyobadilisha mikono mara nyingi kuliko Fallout, na haikuwahi kuwa na studio wala mwanasheria wa hakimiliki. Aliyeitunga hajulikani. Waliomfuata, wengi wao, hawajulikani pia. Lakini mpaka leo ukimtajia Msukuma jina Shing'weng'we, anajua unazungumzia nini.

Zimwi, panzi na mama

Kwa ambao hawajawahi kuisikia, iko hivi. Zimwi Shing'weng'we lilimeza mifugo yote na watu wote duniani. Alibaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye rundo la pumba. Akajifungua mtoto wa kiume, Masala Kulangwa, jina linalobeba maana ya mtu mwenye akili, mwepesi wa kuelewa. Kijana alipokua akamuuliza mama yake kwa nini wako wawili tu. Mama akamwambia ukweli. Kuanzia siku hiyo kijana akaanza kulisaka zimwi.

Siku ya kwanza akaua panzi. Akarudi nyumbani anaimba kwamba Shing'weng'we amekufa. Mama akamwambia huyo ni panzi, tumchome tumle. Siku nyingine akaua ndege, wimbo uleule, jibu lilelile. Kisha swala mdogo, kisha mnyama mkubwa zaidi. Mtu wa gemu anaona mara moja kinachoendelea: levo zinapanda, na bosi wa mwisho bado.

Mwishowe akakutana na zimwi lenyewe, akaliua, akalipasua. Watu wote wakatoka, baba yake akiwemo. Lakini kisu kilipokuwa kinapita, kikakata sikio la bibi mmoja aliyekuwa mle ndani. Bibi akakasirika, akajaribu kumroga kijana. Hakufanikiwa, kwa sababu watu walimlinda. Kisha Masala Kulangwa akatafuta dawa, akamtibu yule bibi akapona. Ndipo watu wakamfanya kuwa mtemi, na mama yake akapewa heshima kubwa.

Sasa mwangalie mama. Kijana hajawahi kuliona zimwi. Hajui ukubwa wake wala sura yake. Anayejua ni mama peke yake, kwa sababu alikuwepo kabla dunia haijamezwa. Kila kijana anapoleta kitu kidogo na kukiita kikubwa, mama anasema hapana, bila kumtukana wala kumkatisha tamaa. Kazi ya mlinzi wa stori ni hiyohiyo. Studio za leo zinaajiri watu kwa ajili yake: kampuni ya Lucasfilm ilikuwa na hifadhi nzima ya kumbukumbu za Star Wars iliyoitwa Holocron, na mtu maalum wa kuisimamia. Hata hivyo mwaka 2014, baada ya kununuliwa na Disney, sehemu kubwa ya vitabu, vibonzo na gemu za zamani iliondolewa kwenye stori rasmi na kubandikwa jina la hekaya. Hifadhi ilikuwepo. Aliyebadilika ni mwenye mali.

Mikono iliyopita

Mkono wa kwanza wa Shing'weng'we ni wa wazee na mabibi waliosimulia jioni kando ya moto. Hapo ulinzi ulikuwa wa wasikilizaji wenyewe. Wimbo wa kijana na jibu la mama unajirudia kila mnyama anapouawa, na mtoto aliyesikia mara tatu tayari ameushika. Msimulizi akiruka panzi, watoto wanamrudisha. Anaweza kuongeza mnyama, anaweza kulikuza zimwi, anaweza kuigiza sauti anavyotaka, ila njia inabaki moja.

Njia hiyo ilifika mbali. Mwaka 1870 askofu Edward Steere alichapisha ngano za Kiswahili alizosimuliwa Unguja. Mojawapo ina Nunda, paka wa sultani aliyeishia kula watu. Mtoto wa sultani anatoka kumsaka, anaua mbwa, anaua wanyama wakubwa zaidi hadi tembo, na kila mara anarudi kwa mama na wimbo. Na kila mara mama anasema bado. Pwani na Usukumani zimwi si lilelile, lakini mama ni yuleyule.

Mkono wa pili ulikuwa wa siasa. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilizuia matawi ya TANU Usukumani, na zuio likadumu hadi 1958. Mwaka huohuo wa 1958 Geita ikachemka. Watu walikataa baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi walilowekewa na serikali, maelfu wakaenda Mwanza kupeleka malalamiko yao, na polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Katika hewa ya namna hiyo, mtu hakuhitaji kufafanuliwa zimwi lililomeza kila mtu ni nani. Ukoloni ukavaa sura ya Shing'weng'we, na Nyerere akavaa sura ya Masala Kulangwa.

Mkono wa tatu ulikuwa wa kanisa. Pale Bujora, karibu na Kisesa nje ya jiji la Mwanza, padri Mkanada David Clement alianza kukusanya ngoma, vifaa na masimulizi ya Wasukuma tangu miaka ya 1950, na kazi hiyo ikazaa makumbusho yanayojulikana leo. Baadaye mapadre wawili wa shirika la Maryknoll wakaiweka ngano hii kwenye kitabu cha teolojia kilichotoka 1996, wakimtazama Masala Kulangwa kama kivuli cha Kristo: mtoto wa mama aliyenusurika, anayewatoa watu tumboni mwa kifo.

Mikono mitatu, maana tatu, zimwi moja. Shabiki wa Fallout angesema hii ndiyo namna nzuri ya kurithi. Hakuna aliyelazimika kuwaambia wa kwanza kwamba stori yao haihesabiki tena.

Sikio halikai popote

Isipokuwa kuna kitu kimoja kinachomsumbua kila mrithi. Sikio.

Chukua maana ya siasa. Mkoloni ni zimwi, sawa. Kiongozi ni kijana, sawa. Halafu yule bibi aliyekatwa sikio siku ya ukombozi ni nani? Nani aliumizwa na kisu kilekile kilichowatoa wengine? Hilo si swali la kuulizwa kwenye mkutano wa hadhara. Chukua maana ya dini. Mkombozi asiye na doa anawezaje kumkata mtu kwa bahati mbaya? Mapadre wale kwa kweli waliliacha sikio mahali pake walipoandika, na wanastahili sifa kwa hilo. Lakini ukitaka shujaa msafi, sikio ndilo la kwanza kukatwa kwenye stori yenyewe. Ukitaka video ya dakika moja ya simu, ni rahisi kuishia watu wanapotoka tumboni wakishangilia.

Hiyo ndiyo kanuni ya kurithi stori, iwe ya moto wa jioni au ya PlayStation. Vitu vikubwa havipotei. Hakuna atakayesahau zimwi, kama ambavyo hakuna mrithi wa Fallout aliyesahau mabomu na mahandaki. Kinachopotea ni kile kidogo kisichomfaa mwenye mali mpya.

Wasotho wa kusini mwa Afrika wana ngano ya zimwi la namna hii, na mtoto anayewaokoa watu wote. Kwao mwisho ni mchungu: watu wale aliowaokoa ndio wanaomuua. Ngano inakiri kwamba kuokolewa hakuondoi chuki. Wasukuma walichagua mwisho mwingine. Kuna chuki, kuna uchawi unaojaribiwa, halafu kuna dawa.

Kwa nini bibi yule si mchezo

Ukibadilisha herufi mbili za Star Wars, mashabiki watanuna wiki nzima, basi. Usukumani sikio la bibi lina uzito mwingine.

Kati ya 1970 na 1984 zaidi ya watu 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, zaidi ya nusu yao Usukumani, na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Mauaji hayakuishia hapo. Kwa miaka mingi mikoa ya Shinyanga, Mwanza na Geita imetajwa kila inapozungumzwa habari ya vikongwe kukatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu. Macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi. Ni mabibi waliopika maisha yao yote kwa kuni, kwa mabua na kwa samadi kavu, kwenye nyumba zisizo na dirisha la maana.

Sasa irudie ngano ukiwa na hilo kichwani. Ukisimulia mpaka bibi anajaribu kumroga kijana na ukaishia hapo, umempa mtoto somo moja: hata baada ya zimwi kufa, bibi ni mchawi, mchunge. Ukifuta bibi kabisa, umepata shujaa safi na hujafundisha kitu. Ukifika mwisho, unakuta jambo ambalo si la kawaida. Kijana ana nguvu, ana umati nyuma yake, na ana kisu kilichoua zimwi. Bibi ametaka kumdhuru. Kila mtu anategemea atafanya nini. Yeye anakwenda kutafuta dawa, kwa sababu anakumbuka nani alimkata sikio. Utemi unakuja baada ya hapo, si kabla.

Mpangilio huo wa matukio ndio uti wa mgongo wa stori. Zimwi halikumpa kijana uongozi. Alipewa baada ya kurekebisha alichokiharibu.

Rwamgasa, mkono unaofuata

Mrithi mpya wa stori hii yuko sehemu kama Rwamgasa, wilaya ya Geita. Hata jina la kijiji lina matoleo mawili: wengine wanaandika Rwamgasa, wengine Lwamgasa, na wote wanafika palepale. Ni kijiji cha dhahabu, cha maduara, makarasha, mialo ya kuoshea na zebaki, iliyowaleta hadi wataalamu wa Umoja wa Mataifa kupima afya za wachimbaji mwanzoni mwa miaka ya 2000. Dhahabu huvuta watu: Msukuma, Msumbwa, Mzinza, Muha, Mkurya. Mtoto anayezaliwa kwenye mchanganyiko huo anakua na Kiswahili, na anayemsimulia jioni ni simu au kibanda cha gemu.

Wengi wataliona hilo kama mwisho wa Shing'weng'we. Si lazima. Zimwi lililohama kutoka motoni kwenda mkutanoni, kutoka mkutanoni kwenda kanisani na makumbusho, linaweza kuhamia kwenye skrini. Levo tayari zipo, bosi wa mwisho yupo, hata wimbo wa kushinda upo. Na mahali ambapo ardhi yenyewe huwameza wachimbaji duara linapoporomoka, stori ya watu wanaotolewa tumboni wakiwa hai haihitaji kutafsiriwa.

Siku kijana wa Geita atakapokaa na kompyuta na kuitengeneza, atakuwa huru kuvaa zimwi sura anayotaka, kama waliomtangulia. Kipimo chake kitakuwa kimoja. Baada ya zimwi kuanguka na umati kushangilia, je, mchezaji anaruhusiwa kuzima na kwenda zake, au kuna levo moja zaidi, isiyo na kisu, ya kwenda kutafuta dawa ya sikio? Asiyeiweka ameleta panzi. Tumchome tumle, tuendelee kusubiri.

Wadau wa Kanda ya Ziwa: bibi zenu walipoisimulia hii, sikio lilikuwepo? Na lilipona? Tupieni toleo lenu hapo chini.