Maji yanakula msingi wa nyumba yako: zuia kabla masika haijaingia

Leo tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu tunalipita tu kila siku tukitoka nyumbani: udongo unaoondoka kidogo kidogo pembeni ya msingi. Kwa wenzetu wa Kimara, Goba, Mbezi na Kibamba, na hata kule Mwanza milimani, hii si habari ngeni. Mtu anajenga kwa miaka kumi, tofali moja moja, halafu mvua za misimu mitatu zinaanza kumfunulia mawe ya msingi. Jamani, nyumba haianguki siku moja. Inaanza kuanguka chini, polepole, huku sisi tunahangaika na rangi ya sebuleni.

Maji yanatoka wapi?

Kwanza ni paani. Piga hesabu: milimita 1 ya mvua ikinyesha kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la mita 10 kwa 10, mvua ya milimita 50 (kwa masika ya Dar hiyo ni kawaida kabisa), unapata lita 5,000. Hizo ni ndoo 250 za lita 20! Kama huna gata, zote zinamwagwa kwenye mstari mmoja chini ya upenu. Ndiyo maana unaona vishimo vimejipanga kama vimechimbwa kwa kamba.

Pili ni maji ya mlimani, yanayoshuka kwa jirani wa juu au barabarani. Hayo yana kasi, na kasi ndiyo inayobeba udongo.

Tatu ni sisi wenyewe. Bomba la nje linalovuja, maji ya kufulia yanayomwagwa pale pale, kuku wanaochakura, na hili wengi watabisha: fagio la chelewa. Uwanja usio na hata jani moja, unaofagiliwa kila asubuhi kuelekea nje, unapoteza udongo kila siku hata kiangazi. Usafi ni mzuri, ila ule ukanda wa karibu na ukuta usiukwangue.

Dalili za kuangalia

- Matope yaliyorukia ukutani kwa chini.
- Mawe au zege la msingi ambalo zamani lilikuwa limefunikwa.
- Kibaraza kilichoachana na ukuta, au chenye uwazi chini yake.
- Ufa wa mshazari unaoanzia kwenye kona ya dirisha au mlango.

Njia rahisi ya kupima: piga alama ya rangi ukutani pale udongo unapoishia leo, kwenye kona zote nne. Masika ikiisha, pima tena kwa rula. Hapo hakuna ubishi tena, namba itasema.

Ufanye nini

1. Anza na paa. Weka gata zenye mwinamo wa kama milimita 5 kwa kila mita, na bomba la kushusha maji. Maji yaingie kwenye tangi au kwenye mtaro. Bomba likiishia kwenye kona ya nyumba umehamisha tatizo tu, tena umelikusanya sehemu moja. Na tangi likijaa, lazima liwe na njia ya kumwaga mbali na ukuta.

2. Rudisha udongo. Usijaze mchanga mtupu, utaondoka na mvua ya kwanza. Tumia moramu au udongo wenye mfinyanzi kiasi, kwa tabaka za sentimita 15. Lowanisha kidogo, shindilia, ndipo uweke tabaka jingine. Ardhi iinamie nje: ishuke sentimita 15 hivi ndani ya mita 3 za kwanza. Ila usifukie ukuta mpaka juu ya ule mstari wa kuzuia unyevu, maana utaanza kulalamika kwamba rangi inabanduka.

3. Zungusha ukanda wa zege au mawe yaliyojengewa, upana wa sentimita 60 hadi mita 1, ukipitiliza pale matone ya paa yanapoangukia, nao uinamie nje. Mfuko hauruhusu? Mwaga kokoto nene kwenye mstari wa matone. Hazizuii kila kitu, lakini zinavunja nguvu ya tone.

4. Kwa walio kwenye mteremko, chimba mtaro upande wa JUU wa nyumba, si wa chini tu. Maji yakatwe kabla hayajafika ukutani, yazungushwe hadi kwenye mtaro wa mtaa. Mtaro ukiwa mkali, upange mawe ndani kama ngazi ili kasi ipungue.

5. Panda kitu. Majani ya vetiva ni kiboko kwa kazi hii: mizizi yake inaweza kwenda chini mita 3, na hayatambai kuvamia shamba. Panda miche kwa umbali wa sentimita 10 hadi 15, mstari ukikata mteremko. Ukoka unafaa kwenye uwanja. Miti mikubwa iache mbali na ukuta.

6. Ukijenga ukuta wa kuzuia udongo, usisahau matundu ya kutolea maji na kokoto nyuma yake. Ukuta usio na matundu unasukumwa na maji mpaka unalala.

Kama chini ya msingi kumeshakuwa wazi

Hapo acha majaribio. Kusukumia udongo au viroba vya mchanga chini hakubebi nyumba. Inatakiwa kujazwa zege kwa vipande vya kama mita 1, kwa kurukaruka, kipande kikauke ndipo ufungue kingine. Ukichimba upande mzima kwa mara moja, ukuta unaweza kukushukia. Ita mhandisi au fundi aliyewahi kuifanya kazi hiyo.

Na waliopo bondeni

Kama nyumba ipo ukingoni mwa mto, gata na vetiva haviwezi kuzuia mto unaotanuka, hasa pale watu wanapochimba mchanga. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka kingo za mto. Tunaiona kama usumbufu wa serikali, lakini mto nao una vipimo vyake.

Mwisho, ujirani. Kuelekeza maji yako kwa mtu wa chini si suluhisho, ni kesi ya mjumbe. Wa juu na wa chini wakichanga mtaro mmoja, gharama inakuwa nusu na salamu zinabaki.

Mafundi mliopo humu, mwageni uzoefu hapo chini.