Pete Iliyovishwa Chanda cha Jirani

Wengi wetu tulilifahamu neno "jazz" kutokana na majina ya bendi zetu: Morogoro Jazz, Western Jazz, Dar es Salaam Jazz. Lakini bendi hizo zilipiga dansi letu wenyewe. Juma hili nataka tuizungumzie jazz ya Marekani, na hasa mtu mmoja aliyeijenga nyumba, akapangishwa mwingine.

Fletcher Henderson, Mmarekani Mweusi, alizaliwa Georgia mwaka 1897. Alisomea kemia, akaenda New York mwaka 1920, akaishia kwenye piano. Mwaka 1924 bendi yake ilianza kupiga katika ukumbi wa Roseland.

Jazz ya kwanza, ile ya New Orleans, ilikuwa ya watu watano au sita, kila mmoja akibuni yake papo hapo. Wakifanya hivyo watu kumi na zaidi, ni kelele za sokoni. Henderson na mpangaji wake, Don Redman, wakaigawa bendi kwa safu: tarumbeta na tromboni huku, saksafoni na klarineti kule. Safu moja huita, nyingine huitikia, kisha mmoja huachiwa nafasi atambe. Mwaka huohuo akaingia Louis Armstrong, akawaonyesha wenzake namna ya kuubembeza mdundo. Hapo swing ikaota mizizi.

Mwaka 1934, mambo yakiwa yamemwendea kombo, Henderson alimuuzia Benny Goodman, Mzungu, mipango yake ya muziki. Goodman akaipiga redioni. Tarehe 21 Agosti 1935, vijana wa Los Angeles waliofurika ukumbi wa Palomar wakapandwa na wazimu wa furaha. Goodman akaitwa Mfalme wa Swing.

Tusimwonee Goodman. Alimtaja Henderson kwa heshima, na mwaka 1939 akamwajiri. Lakini katika Marekani ya ubaguzi, milango ya redio na hoteli kubwa ilimfungukia Mzungu kwanza.

Enzi yenyewe haikudumu. Vita viliwachukua wapigaji, mgomo wa kurekodi ukaanza mwaka 1942, kodi ya kumbi ikapanda, na Desemba 1946 bendi kadhaa kubwa zikavunjika. Henderson alifariki Desemba 1952.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Mimi naongeza: mara nyingine pete huvishwa chanda cha jirani. Ukicheza dansi Jumamosi hii, uliza aliyeupanga muziki huo ni nani, na amelipwa nini.