Kariokor, Burma na Pumwani: Majina ya Vita na Suala la Amani

Suala la kwa nini binadamu hawaachi kupigana vita limeshughulikiwa na wanafalsafa na wataalamu wa saikolojia kwa karne nyingi, na si kusudi la makala haya kuyarudia yote waliyoyasema. Kusudi letu ni dogo zaidi. Tunataka kulichukua suala hilo na kulipeleka Pumwani, mtaa mkongwe wa Waafrika mashariki mwa Nairobi, na kuuliza kama majina ya mahali yaliyouzunguka mtaa huo yaweza kutufundisha jambo ambalo wanafalsafa hawakuligusa. Majina tunayoyakusudia ni Kariokor na Burma, na pamoja nayo Mbotela na Ofafa. Yote manne yametokana na vita. Mtu atokaye Majengo kwa miguu aweza kuyapitia yote katika asubuhi moja, akanunua viatu vya ngozi hapa na nyama kule, asikumbuke hata mara moja kuwa amekuwa akitembea juu ya orodha ya waliokufa.

Tuanze na dai lililo mashuhuri kuliko yote, nalo ni kuwa vita vimo katika maumbile ya binadamu. Thomas Hobbes alilieleza kwa namna yake katika *Leviathan* mwaka 1651. Mwaka 1932 Albert Einstein alimwandikia Sigmund Freud kumwuliza kama kuna njia ya kuwaepusha wanadamu na balaa la vita, na jibu la Freud likaegemea silika ya kuharibu ambayo, kwa maoni yake, haiwezi kung'olewa katika nafsi ya mtu. Wanasayansi waliokutana Seville, Hispania, mwaka 1986 walilikana dai hilo, wakatamka kuwa sayansi haina msingi wa kusema kwamba tumerithi vita kutoka kwa wanyama au kwamba vimo katika damu yetu. Mabishano hayo hayajesha. Lakini upo ushahidi mmoja ambao, kwa kadiri tuonavyo, haujapewa uzito unaostahili, nao ni sheria za kuandikisha watu vitani. Ikiwa binadamu ana kiu ya vita kwa maumbile yake, kwa nini serikali zihitaji sheria, machifu na polisi ili kumfikisha huko?

Kariokor ndiyo jawabu la swali hilo. Vita Kuu vya Kwanza vilipozuka Agosti 1914, hata magavana wa pande zote mbili za mpaka hawakuwa na hamu navyo. Heinrich Schnee wa Afrika Mashariki ya Kijerumani alipendelea koloni lake lisijiingize. Henry Belfield, mwenzake wa upande wa Waingereza, alisema waziwazi kuwa nchi yake haikuwa na maslahi yoyote katika vita hivyo, ila ilikuwa na bahati mbaya ya kupakana na Wajerumani. Aliyeona vingine ni kamanda wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck. Nia yake ilikuwa kuwavuta askari wengi wa Uingereza iwezekanavyo waje kumwandama katika mapori ya Afrika, wasipate nafasi ya kupigana Ulaya. Kwa hiyo vita vilipiganwa Taveta, Morogoro na Rufiji kwa ajili ya mambo ya Ufaransa na Ubelgiji. Vililetwa hapa kama mzigo, na mzigo hutaka mchukuzi.

Wachukuzi walihitajiwa kwa sababu iliyo wazi. Barabara za magari zilikuwa haba, na wanyama wa kubeba mizigo waliuawa na mbung'o kwa maelfu. Tuchukue hesabu sahili. Mpagazi akiwa na mzigo wa ratili 50 za chakula, naye akila ratili 2 kila siku, baada ya siku 25 atakuwa ameumaliza mzigo wote bila ya kumfikishia askari hata punje moja. Na kama hana budi kurudi alikotoka, basi ni siku 12 tu. Jeshi liliposonga mbele, ilibidi wapagazi wawabebee wapagazi wenzao. Hivyo hesabu ya watu ilikua haraka kuliko hesabu ya bunduki. Kwa upande wa Waingereza peke yake inakadiriwa kuwa watu wapatao milioni moja waliandikwa katika vita vyote vya Afrika Mashariki, na vifo vilivyoandikwa rasmi vinakaribia 95,000. Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi, na unga uliosagwa vibaya na kupikwa kwa haraka. Upande wa Wajerumani haukuwa na huruma zaidi, wala haukuacha hesabu iliyo kamili.

Watu hawa hawakwenda kwa kupenda. Mwaka 1915 ilipitishwa sheria iliyowapa machifu na wazee wa vijiji amri ya kutoa wanaume wa kulifuata jeshi, na ujira wao ukawekwa chini ya ule waliolipwa wapagazi wa hiari wa mwanzo. Baraza la Kutunga Sheria lililohusika halikuwa na Mwafrika hata mmoja; wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944. Mwaka 1917 John Ainsworth alikabidhiwa kazi ya kukusanya watu kwa wingi, na katika muda wa miezi michache zaidi ya laki moja wakatolewa makwao, hasa Nyanza, Ukambani na Ugikuyu. Wagiriama walikuwa wamepambana na serikali tangu mwaka 1914, na madai ya kutoa vibarua na wachukuzi yalikuwa miongoni mwa sababu. Silika ya vita tunaitafuta hapa hatuioni. Tunachokiona ni watu wanaokimbia vita, na dola inayowafuata.

Kambi ya kikosi hicho jijini Nairobi, kilichoitwa Carrier Corps kwa Kiingereza, ndiyo iliyoacha jina la Kariokor karibu na Pumwani, kama vile kambi ya Dar es Salaam ilivyoacha jina la Kariakoo. Wanaisimu watavutiwa na mageuzi hayo. Neno la pili lilisikiwa kama linavyotamkwa na Mwingereza, ambaye hazitamki herufi mbili za mwisho. Dar es Salaam ikalifanya kuwa *koo*, silabu iliyo wazi kama iwapasavyo Waswahili, ilhali Nairobi ikaihifadhi *r* ya maandishi. Lakini mageuzi hayo ya sauti yana athari nyingine isiyokuwa ya kiisimu. Katika Kiingereza jina hilo bado linasema kazi: mtu alisikiaye hujua kuwa lilihusu kubeba. Katika Kiswahili halisemi kitu. Laiti mahali pale pangaliitwa Uchukuzini au Wapagazini, kila mtoto wa Starehe na Ziwani angaliuliza wapagazi hao walikuwa akina nani. Jina limetoholewa kwa ustadi mkubwa, na maana yake imezikwa humo humo.

Fasihi yetu nayo haikuwasaidia sana. Tangu *Utendi wa Tambuka* wa mwaka 1728 hadi *Utenzi wa Vita vya Uhuru* wa Shaaban Robert, uliohusu vita vya 1939 hadi 1945, Kiswahili kina hazina kubwa ya tenzi za vita, na si haki kusema kuwa zote zinasifu umwagaji wa damu. Lakini jicho la mtunzi kwa kawaida liko kwa amiri, shujaa na shahidi. Methali nazo humtaja mnyonge kwa namna isiyotosha. Tunasema kuwa wapiganapo tembo nyasi huumia, na methali hii hutumiwa sana katika hotuba za amani. Kwa maoni yetu inapotosha. Nyasi hukanyagwa tu. Tembo wangaliweza kupigana hata mahali pakavu pasipo nyasi. Lettow-Vorbeck na wapinzani wake wasingaliweza kupigana hata juma moja bila ya wapagazi. Mnyonge wa 1917 hakuwa nyasi chini ya vita. Vita vilisimama juu ya kichwa chake.

Tukilikubali hilo, basi sababu ya vita kuendelea haimo katika moyo wa binadamu kwa jumla. Imo katika umbali uliopo kati ya yule aamuaye na yule achukuaye, na kadiri umbali huo unavyokuwa mrefu ndivyo vita vinavyokuwa rahisi.

Amani ya mwaka 1918 ni ushahidi wa aina hiyo hiyo. Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, majuma mawili baada ya mapatano ya Ulaya. Mwaka uliofuata askari wa kizungu walianza kugawiwa mashamba katika nchi za juu za Kenya. Wapagazi waliorudi walipewa kipande, ambacho sheria yake ilikuwa imetungwa wakati wa vita, mwaka 1915, ikangoja kutekelezwa baada yake. Ujira wa wengi waliofia njiani haukuwafikia warithi, na mabishano juu ya fedha hizo yaliendelea hadi miaka ya 1930 bila ya warithi kupata haki yao. Katika miaka hiyo hiyo ya mwanzo ya 1920 ndipo Pumwani ilipoanzishwa, ili wakazi wa vijiji vya Waafrika vilivyotawanyika mjini wakusanywe mahali pamoja. Wenyeji hulihusisha jina lake na kupumua, yaani mahali pa kupumzika. Lakini tarehe 16 Machi 1922 umati uliokusanyika Nairobi kudai Harry Thuku aachiliwe ulipigwa risasi, na Mary Nyanjiru akawa miongoni mwa waliouawa. Kipande, kodi na upunguzaji wa mishahara ndivyo vilivyokuwa vilio vya umati ule. Vita vilikwisha kwa walioviamua. Walioviamuliwa waliendelea kuvilipia.

Jina la pili, Burma, linatupa mtihani mgumu zaidi, na si vema tuukwepe. Soko la Burma, lililo kusini mwa Shauri Moyo, linakumbusha vita vya Asia ambako askari wa Afrika Mashariki walipigana na Wajapani, hasa mwaka 1944. Waruhiu Itote alikuwa mmoja wao. Katika kitabu chake cha mwaka 1967 anaeleza jinsi alivyoulizwa huko na wageni anapigania nini, naye akaondoka na swali hilo bila ya jibu la kumridhisha. Baadaye alijulikana kwa jina la Jenerali China. Waliokwenda msituni kuanzia 1952 hawakusombwa na sheria ya 1915. Walikwenda wakijua wanachokitaka. Je, hapa silika haikurudi?

Sisi twaona la, kwa sababu ya jambo lililotangulia. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, si mbali na Pumwani, mkutano mkubwa wa Waafrika na Wahindi ulipitisha azimio lililotolewa na Makhan Singh la kudai uhuru wa nchi za Afrika Mashariki. Hapakuwa na panga wala bunduki. Mwezi uliofuata Makhan Singh na Fred Kubai walikamatwa, mgomo wa wafanyakazi wa Nairobi ukavunjwa, na Makhan Singh akawekwa kizuizini hadi mwaka 1961. Mlango wa maneno ulifungwa kwanza, ndipo wa damu ukafunguliwa.

Ulipofunguliwa haukuchagua. Tom Mbotela, kiongozi wa chama cha KAU aliyepinga matumizi ya nguvu, wa ukoo wa James Juma Mbotela aliyeandika *Uhuru wa Watumwa*, aliuawa Novemba 1952 karibu na soko lile lile la Burma. Ambrose Ofafa, diwani na mweka hazina wa Luo Union, aliuawa mwaka 1953. Tarehe 24 Aprili 1954 serikali ilifanya Operesheni Anvil, jina lenye maana ya fuawe: askari na polisi wapatao 25,000 waliuzingira mji, mitaa ya mashariki ikapekuliwa nyumba kwa nyumba, na Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu wakapelekwa vizuizini. Mitaa iliyojengwa baadaye ikapewa majina ya Mbotela na Ofafa. Tukumbuke kuwa ni wakubwa wa jiji la wakati ule waliochagua ni wafu gani wa kukumbukwa. Waliofia vizuizini hawakupewa mtaa.

Sasa tuje kwa amani. Immanuel Kant, katika andiko lake la mwaka 1795 juu ya amani ya kudumu, alisema kuwa raia wakiulizwa kwanza watasita kuingia vitani, kwa kuwa ndio watakaovilipia kwa mali na miili yao. Hoja hii ndiyo iliyo karibu zaidi na yale tuyaonayo Pumwani, lakini ina pengo. Uingereza ya 1914 ilikuwa na Bunge. Raia wake wengi waliweza kuulizwa, na kwa kweli walitoa watoto wao wengi mno. Lakini sehemu moja ya gharama ilihamishiwa kwa watu wasiokuwa na kura popote. Kant hakumfikiria Mkamba. Haitoshi basi kwamba raia waulizwe. Sharti mtu yeyote asiweze kubebeshwa vita bila ya kuwa na mahali pa kusema hapana, na bila ya mtu wa kumdai hesabu baadaye. Ni sharti zito, na hakuna Katiba wala Umoja wa Mataifa uliokwisha kulitimiza. Lakini angalau ni jambo linaloweza kufanyiwa kazi, tofauti na silika, ambayo wanaoiamini hawana la kutushauri ila subira.

Hesabu hiyo imeanza kudaiwa kwa kuchelewa sana. Sanamu za ukumbusho zilizozinduliwa Nairobi mwaka 1928, katika barabara iitwayo sasa Kenyatta Avenue, zina maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanayowaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Kichwa hakikutajwa. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri, na kuomba radhi, kuwa wafu wasiopungua 116,000 wa vita vile, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Mpagazi wa shaba yupo pale barabarani, amesimama pamoja na askari. Chini yake hakuna jina la mpagazi hata mmoja.